Navi haishiki taarifa za foleni? Ua kelele kwanza, antena baadaye

Hii naiandikia nyie mnaoendesha huku Ujerumani na nchi za jirani, hasa wa vifurushi na mizigo midogo, ambao bado mnatumia navi, yaani vifaa vya kuonyesha njia, za Garmin, TomTom, Becker au Navigon zenye kile kiboksi cha kudaka taarifa za foleni kwa njia ya redio, yaani TMC. Kazi yangu ni kufunga redio na vikorokoro vya umeme kwenye magari, niko upande wa Ruhr, na malalamiko ninayoletewa ni yaleyale, navi inaonyesha njia fresh kabisa lakini alama ya foleni imekaa kijivu tangu asubuhi, afu mtu anajikuta kasimama nyuma ya malori kwenye barabara kuu ya A40 wakati redio ilishatangaza zamani kwamba kule hakupitiki. Na karibu kila anayekuja anataka kitu kimoja, nimfungie antena ndefu. Mi huwa namwambia tulia kwanza. Mara nyingi antena haina kosa, kosa ni kelele za umeme zinazotoka ndani ya gari lake mwenyewe, na ukiweka antena kubwa kwenye gari lenye kelele unachovuna ni kelele kubwa zaidi.

Najua kuna atakayesema si utumie simu tu. Sawa, kama simu yako iko huru na bando lipo, tumia. Lakini wengi simu imeshikwa na app ya kazi ya kuskani mizigo, na ukiingia mabonde ya Sauerland mtandao unakata ukiuhitaji sana, wakati TMC ni ya bure, inakuja na mawimbi ya FM, haiombi bando wala password.

Kwanza elewa kinachokuja angani

Usiruke hapa maana ndo panapofanya hatua zingine zieleweke. Stesheni ya FM mfano WDR 2 hairushi sauti peke yake. Pembeni ya sauti, kwenye kilohertzi 57, imebeba data ndogo ndogo zinaitwa RDS, ndo hizohizo zinazofanya redio ya gari iandike jina la stesheni. Ndani ya RDS kuna vipande vimetengwa kwa ajili ya foleni, hiyo ndo TMC. Ujerumani imekuwa ikirushwa rasmi na stesheni za umma tangu 1997. Spidi yake ni ndogo mpaka inachekesha, biti 1187.5 kwa sekunde kwa RDS nzima, na TMC inagawana hizo na jina la stesheni na mambo mengine. Kwahiyo haitumi maneno kama "foleni kilomita nne A3", inatuma namba tu, namba ya tukio na namba ya mahali, na navi yako inaenda kuzitafuta kwenye orodha iliyokuja na ramani.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Moja, navi haiamini ujumbe uliofika mara moja, inasubiri ufike tena vilevile ndo iukubali, ndo maana stesheni inarudia rudia. Mawimbi yakiwa yanakatika katika, ujumbe unafika nusu, unatupwa, unafika nusu tena, unatupwa, na wewe kwenye skrini huoni kitu. La pili ndo jibu la swali ninaloulizwa kila siku, "mbona redio inaongea vizuri lakini foleni haziji?" Sauti ya FM inaruhusiwa kuyumbisha mawimbi hadi kilohertzi 75, data za RDS kwa kawaida zinapewa kama kilohertzi 2 tu hivi. Sauti inapiga kelele, RDS inanong'ona. Mawimbi yakidhoofika kidogo sikio lako halitasikia tofauti lakini data zimeshakufa kitambo. Kwahiyo usipime TMC kwa sikio.

Na tafadhali GPS ni kitu kingine kabisa. GPS iko huko megahertzi 1575, FM iko kati ya 87.5 na 108. Navi kushika setilaiti kumi haimaanishi chochote kuhusu foleni, na ile antena ya GPS ya nje inayouzwa na sumaku chini haitakusaidia hata kidogo kwa hili.

Hatua ya 1: Hakikisha kiboksi kipo

Unacheka, lakini hii ndo inamaliza kesi nyingi na haigharimu hata senti. Kwenye navi nyingi kipokezi cha TMC hakimo ndani ya navi, kimo kwenye waya wa kuchajia. Angalia waya uliokuja nao kiwandani, utaona katikati kuna uvimbe au kiboksi kidogo, au kichwa cha kuchomeka kwenye soketi ya sigara ni kinene kuliko kawaida. Waya huo ukipotea au ukikatika, mtu ananunua waya wowote wa USB wa euro tano, navi inachaji, inawaka, kila kitu kinaonekana sawa, ila foleni hamna tena milele. Huo waya hauna kipokezi. Ukiingia menyu ya trafiki ukakuta hakuna hata alama ya kijivu, yaani alama yenyewe haipo, jua waya siyo. Tafuta waya original wa modeli yako, wa mkono wa pili wapo wengi, ila linganisha namba ya modeli iliyochapwa kwenye kiboksi maana kipokezi cha modeli moja mara nyingi hakielewani na navi ya modeli nyingine hata kama plagi inaingia.

Na navi lazima iwe inakula umeme wa gari. Kwa betri yake ya ndani kipokezi kinalala.

Hatua ya 2: Ramani na stesheni

Hapa haraka tu. Nimesema namba za mahali ziko kwenye ramani, sasa orodha ya namba za mahali Ujerumani inatunzwa na idara ya barabara ya shirikisho, BASt, na inabadilika kadri njia na makutano yanavyobadilika. Navi ya miaka kumi haijawahi kuapdetiwa itakuwa inapokea namba haizijui na inazimeza kimya kimya. Apdeti ramani kwanza. Na kama unavuka kwenda Uholanzi au Ubelgiji ramani ya huko iwepo ndani, bila hivyo utapokea stesheni yao bila faida.

Afu ingia kwenye menyu ya trafiki uone kama modeli yako inakuonyesha stesheni iliyoshikwa. Baadhi zinaonyesha jina na masafa, baadhi zinakuruhusu kuchagua mwenyewe. Kama inaruhusu kuchagua, huku kwetu weka ile ya mnara mkubwa ulio karibu, mfano WDR 2 kutoka Langenberg, kule Velbert katikati ya Essen na Wuppertal, iko 99.2. Ukishamaliza kupima irudishe kwenye kujitafutia, maana ukiiacha imefungwa hapo siku ukienda Frankfurt itakuwa inasikiliza hewa.

Jambo jingine, ukiwasha gari ipe navi muda. Kutafuta stesheni, kusubiri ujumbe urudiwe, robo saa inaweza kuisha kabla orodha haijajaa hata pale mawimbi yalipo mazuri. Watu wanawasha, wanaangalia dakika mbili, wanatukana, wanazima.

Hatua ya 3: Kuwinda kelele

Sasa hapa ndo kwenyewe, kaa vizuri.

Tafuta redio ndogo ya FM ya mkononi, ile ya betri yenye antena ya kuvuta. Siyo redio ya gari, maana redio ya gari antena yake iko juu ya paa mbali na fujo, unataka kusikia kile ambacho antena ya TMC inakisikia pale kwenye kioo. Nenda sehemu ya wazi, siyo gereji ya chini ya jengo. Zima injini, chomoa kila kitu, chaja, dashikamera, taa za urembo, kila kitu. Washa redio, iweke kwenye dashibodi palepale unapoweka navi, afu tafuta stesheni DHAIFU, ile ambayo ina mkwaruzo kidogo nyuma ya sauti. Stesheni yenye nguvu itakudanganya, inafunika kelele zote.

Sasa anza kurudisha kimoja kimoja. Washa switchi ya gari, sikiliza. Chomeka navi, sikiliza. Chomeka chaja ya simu, na hakikisha simu inachaji kweli, maana chaja isiyo na mzigo inaweza kukaa kimya. Sikiliza. Dashikamera, sikiliza. Mwisho washa injini, washa feni ya hewa, washa taa. Pale stesheni inapofunikwa na shhhhhh au mlio kama nyuki umeshamkamata mwizi. Sogeza redio karibu na waya wa hicho kitu utasikia kelele inapanda.

Kwa ninavyoona mimi washukiwa wakuu wako kwa mpangilio huu. Namba moja bila ushindani ni zile chaja za bei chee za soketi ya sigara zenye tundu mbili tatu za USB. Kubadilisha volti 12 kuwa 5 zinakata umeme na kuuwasha mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na mtengenezaji akibana matumizi anaondoa vichujio, kwahiyo takataka zinapanda mpaka kwenye FM, na waya wako wa kuchajia wa mita moja unakuwa antena ya kuzirusha. Namba mbili dashikamera, na ubaya wake ni kwamba waya wake unapitishwa juu ya kioo cha mbele, palepale ambapo antena ya TMC nayo imebandikwa, vinalala pamoja sentimita thelathini nzima. Halafu zinafuata taa za LED za kubadilisha mwenyewe, na feni.

Lakini kuna mmoja hata hahesabiki kama kelele, na madereva wetu wengi wanaye. Kile kidude cha bluetooth cha kurusha muziki kwenye FM ya gari, kwa sababu van ni ya zamani haina bluetooth na mtu hawezi kumaliza siku bila Bongo Fleva yake au taarab. Kile ni kituo cha redio ndani ya gari jamani! Nguvu yake ni ndogo sana, huku Ulaya kinaruhusiwa nanowati 50 tu, lakini kiko sentimita arobaini kutoka kwenye kipokezi cha TMC ambacho kinajaribu kusikia mnara ulio kilomita sitini. Hata ukikiweka masafa tofauti bado kinaweza kukilemea kipokezi. Kizime, subiri, uone alama inavyobadilika. Ukitaka muziki tumia waya wa AUX, au kama redio haina tundu la AUX niite nikufungie redio nyingine maana za mkono wa pili zipo nzuri tu.

Dawa sasa. Chaja mbaya hairekebishiki, tupa, nunua ya kampuni inayoeleweka. Umeshanunua, rudia kipimo cha redio, maana bei kubwa siyo dhamana. Dashikamera hamisha waya wake upite upande wa pili wa kioo. Na kwa vile usivyoweza kutupa wala kuhamisha kuna feraiti, zile pingili nyeusi za kubana kwenye waya kama zile unazoziona kwenye nyaya za kompyuta. Chukua yenye tundu kubwa ili waya upite mara mbili au tatu, kwa sababu nguvu ya kuzuia inapanda kwa mraba wa mizunguko, mizunguko mitatu inafanya kazi karibu mara tisa ya mmoja. Ibane karibu kabisa na chanzo cha kelele, yaani kwenye waya wa dashikamera pale unapotoka kwenye chaja, siyo mwisho kule kwenye kamera.

Angalizo moja ambalo hata mafundi wanalikosa. Usibane feraiti kwenye waya wa TMC jirani na kile kiboksi cha kipokezi. Antena yoyote ya waya inahitaji upande wa pili wa kusimamia, kwenye gari ungekuwa bati la bodi, lakini kipokezi kinachoning'inia kwenye waya hakijaungwa kwenye bati, kwahiyo waya wa umeme wenyewe ndo unageuka kuwa nusu ya pili ya antena. Ukiukaba na feraiti umekata antena katikati. Ukitaka kuweka weka kule kwenye kichwa cha sigara. Na kwa sababu hiyohiyo usikunje waya uliozidi ukaufunga mpira kama mafundo ya tambi, watu wanapenda usafi lakini hiyo inaua mapokezi. Utandaze chini ya dashibodi au pembeni ya kapeti.

Hatua ya 4: Kioo chako ni cha aina gani

Kaa nje ya gari kioo kikiwa kinapigwa na jua, kiangalie kwa pembeni. Kama kina rangi ya zambarau au dhahabu kwa mbali, kuna utando wa chuma ndani yake wa kuzuia joto, na utando huo unazuia redio pia. Magari mengine kama Ford yana kioo cha mbele chenye nyuzi nyembamba sana za kuyeyusha barafu, sogeza jicho karibu utaziona zimejipanga. Garmin wenyewe wanaandika kwenye vitabu vyao kwamba vioo vya hivyo vinaweza kupunguza uwezo wa kipokezi.

Vioo vya utando mara nyingi vinaachwa kipande bila utando karibu na kioo cha ndani cha kuangalia nyuma, utaona eneo lenye vidoti au rangi tofauti. Hapo GPS na vidude vya kulipia barabara vinapita vizuri. Kwa FM hapasaidii sana maana wimbi la FM lina urefu wa mita tatu, kidirisha cha kiganja halipiti lote. Kama gari lako ni la hivyo usihangaike na kioo cha mbele, peleka waya wa antena kwenye dirisha la pembeni, au ruka moja kwa moja hatua ya sita.

Hatua ya 5: Kuulaza waya wa antena

Modeli zilizo na uzi wa antena wa nje, ule mwembamba unaokuja na viraba vya kunata kwenye kioo, ndo rahisi kuboresha. Zile ambazo antena iko ndani ya waya wa umeme cha kufanya ni kuutandaza tu kama nilivyosema hapo juu.

Hesabu ni hii, 300 gawa kwa megahertzi unapata urefu wa wimbi kwa mita, gawa tena kwa nne. Kwa 99.2 inakuja kama sentimita 75. Kwahiyo uzi wa kama sentimita 75 ulionyooka ndo unaotaka. Nyuzi za kiwandani zingine ni fupi zaidi ya hapo, na nyingi zimekunjwa kunjwa na mwenye gari nyuma ya navi zisionekane. Kama kipokezi chako kina tundu la jeki la antena, nunua plagi inayolingana, unganisha waya mwembamba wa kawaida kwenye ncha ya kati ya plagi, acha sentimita 80, afu uwe unapunguza kidogo kidogo ukiangalia matokeo, maana waya ukigusana na kioo unajifanya mrefu kuliko ulivyo. Kama uzi umefungwa moja kwa moja usifungue kiboksi, siyo kazi ya mezani jikoni, nyoosha uliopo tu.

Ulazwe au usimamishwe? Wengi wanasimamisha kufuata picha kwenye kitabu, uzi unapanda pembeni ya kioo. Ila Ujerumani minara mingi mikubwa ya FM inarusha mawimbi yaliyolala, kwahiyo uzi uliolazwa juu ya kioo kutoka kona mpaka karibu na katikati mara nyingi unashinda. Uingereza minara mingi inachanganya yote mawili, huko tofauti siyo kubwa. Gari lenyewe nalo linapindisha mawimbi, kwahiyo usibishane, jaribu vyote kwa selotepu kwanza kabla hujabandika kudumu. Mchanganyiko wa umbo la L, kipande kinapanda pembeni na kingine kinalala juu, nimeufunga kwenye van nyingi na wateja hawajarudi kulalamika.

Uzi ukae mbali na bati la nguzo ya kioo, vidole vitatu hivi au zaidi, na usiupitishe sambamba na waya wowote wa umeme. Na kwenye nguzo kuna eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukulinda kwenye ajali, kwenye magari ya kisasa, angalia maandishi, usipitishe waya juu ya kava lake, siku ikilipuka huo waya unakuja usoni kwako. Kama lazima upite hapo, upite nyuma ya eabegi na ufungwe kwenye waya uliopo, au mwachie anayejua.

Kupima, usilinganishe leo barabarani na jana barabarani. Simama sehemu moja, mawimbi yakiwa ya wastani siyo chini ya mnara, pima mkao mmoja, subiri orodha ijae, hamisha uzi, pima tena palepale. Kusogeza gari mita moja tu kunaweza kubadilisha kila kitu, kwa sababu wimbi linagonga majengo na vilima linarudi na kujikata lenyewe. Kule Sauerland mabondeni hiyo ndo shida kuu, siyo udhaifu wa mnara, na hakuna antena ya kwenye kioo itakayoiondoa kabisa. Gari likiwa linatembea inajirekebisha kiasi maana haukai kwenye shimo moja.

Hatua ya 6: Kuiba kutoka antena ya gari

Yote yakishindikana, au kioo ni cha utando, antena bora unayo tayari juu ya paa. Kuna splita za TMC zinauzwa, upande mmoja zinaingia kwenye waya wa antena ya gari, upande wa pili zinarudi kwenye redio, na tawi la tatu lina waya mrefu wenye jeki ya kwenda kwenye kipokezi. Kabla hujaagiza angalia vitu viwili: plagi ya nyuma ya redio yako, magari ya zamani ni ile nene ya duara ya DIN na ya kisasa ni Fakra ya plastiki ya rangi, na saizi ya jeki ya kipokezi chako, milimita 2.5 au 3.5. Kipokezi kisicho na tundu la antena hatua hii haikihusu.

Splita inagawa, haizalishi. Kila upande unapata kama nusu ya nguvu, desibeli 3 na ushee zinapotea. Mjini redio haitashtuka. Ukiwa unaendesha sana vijijini redio ya gari inaweza kuanza kukwaruza kidogo, hilo ulikubali mapema. Usiweke na ampilifaya ya antena ya bei rahisi kufidia, karibu na minara mikubwa inajaa na kuharibu zaidi.

Sasa la hatari. Magari mengi ya kisasa antena yake ina ampilifaya ndani, kwenye paa au kwenye kioo cha nyuma, na umeme wake unapanda kupitia waya huohuo wa antena kutoka kwenye redio. Ukiunganisha kipokezi cha navi hapo kienyeji, volti kama 12 zinaingia kwenye mlango wake wa antena, na unaweza ukakiunguza. Chukua mita, redio ikiwa imewashwa, pima kati ya ncha ya katikati ya plagi inayotoka kwenye redio na ethi, yaani bati la gari. Ukikuta volti, splita yako lazima iwe inapitisha umeme kwenda kwenye antena na kuuzuia upande wa navi. Kama huna uhakika na splita uliyonunua, weka kepasita ya nanofaradi 1 katikati ya waya wa kati unaokwenda kwenye kipokezi, FM inapita kama kawaida na umeme wa moja kwa moja unagota hapo. Kepasita yenyewe ni senti kadhaa. Ukisolda fanya nyuzi fupi, kila sentimita ya ziada kwenye miguu yake inakula mawimbi.

Waya wa kutoka nyuma ya redio mpaka kwenye navi upitishe mbali na soketi ya sigara, na ukimaliza rudia kipimo cha redio ndogo vitu vyote vikiwa vimechomekwa, injini inanguruma. Antena ya paa kuwa safi hakusaidii kama mita moja ya mwisho ndani ya dashibodi inapita katikati ya fujo.

Na kwa nyie mnaotuma magari nyumbani

Naulizwa sana hili kwa hiyo nalimalizia hapa. Navi ya TMC ya Ulaya ukiipeleka Dar au Mombasa upande wa foleni haitafanya kazi, hakuna stesheni inayorusha TMC kule, hata ufunge mlingoti juu ya paa. Na wale mliokuta kwenye Toyota iliyotoka Japani skrini ina kitufe cha VICS, ule ni mfumo wa Japani wa kazi hiyohiyo, ulianza 1996, unapanda kwenye FM ya kijapani pamoja na vifaa vya pembeni ya barabara za huko huko, na redio zenyewe za Japani kwa asili zinaanzia megahertzi 76 kuishia 90 ndo maana mnafunga bendi ekspanda ili mpate stesheni zetu. Bendi ekspanda inakusogezea stesheni za muziki, VICS haiamshi. Fundi akikuambia anaweza kuifungua hiyo kwa laki mbili mwambie afungue kwanza ulipe baadaye.